UZI: Eddie Murphy arudi Studio 8H, tarehe 21 Desemba 2019. Tuchambue kipande kwa kipande

MzeeWaRimoti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Toleo hili la Saturday Night Live, kile kipindi cha vichekesho cha Marekani kinachoruka moja kwa moja kutoka Studio 8H, New York, linasifiwa kila kona, lakini uchambuzi mwingi unaishia "Eddie karudi, mbavu hatuna". Sawa, mbavu hamna, ila kwa nini? Mimi natumia kigezo kimoja tu: mhusika wa mwaka 1982 akitolewa kabatini mwaka 2019, amepewa kazi mpya au amefutwa vumbi tu watu wapige makofi?

Historia kwa ufupi, maana bila hiyo nusu ya utani inapita pembeni. Murphy aliingia kundini mwaka 1980 akiwa na miaka 19, wakati mwasisi Lorne Michaels ameshaondoka na kipindi kiko hoi. Alitoka 1984. Tarehe 11 Desemba 1982 mwenyeji wa wiki (staa anayealikwa kuongoza toleo), Nick Nolte, aliugua, Murphy akashika nafasi yake akiwa bado mwanakundi. Hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Desemba 1984 akaja kama mwenyeji, kisha ukimya. Mwaka 1995 David Spade, mwanakundi wa wakati huo, alimtania hewani kwamba ni nyota inayodondoka, na jamaa akanuna miaka na miaka. Kwenye sherehe ya miaka 40, Februari 2015, alisimama jukwaani kidogo na hakuigiza chochote. Kwa hiyo hii ya 2019 ni miaka 35 tangu alipokaa kiti cha mwenyeji.

Maongezi ya mwanzo: Tracy Morgan, Chris Rock, Dave Chappelle na Kenan Thompson wote wanapanda jukwaani. Hapo ungetegemea vurugu, lakini wamepangwa vizuri, kila mmoja anaingia, anasema lake, anakaa pembeni. Utani mzito ni ule wa Bill Cosby, mchekeshaji mkongwe aliyekuwa akiitwa baba wa Marekani: Murphy ana watoto kumi na anakaa nyumbani, Cosby wakati ule alikuwa gerezani, sasa nani baba wa Marekani? Kumbukeni Cosby ndiye aliyewahi kumpigia simu kumkanya kuhusu matusi jukwaani, na mwaka 2015 Murphy alikataa kumwigiza Cosby. Sentensi moja, deni la miaka thelathini limelipwa na riba juu.

Mister Robinson's Neighborhood: hapa ndipo toleo linaposimama. Asili yake ni dhihaka ya kipindi cha watoto cha Mister Rogers, yule mzee mpole anayeingia, anavaa sweta na kuimba kuhusu majirani. Wa Murphy anaishi kwenye jengo bovu na anawafundisha watoto maneno ya maisha halisi. Mwaka 2019 sweta ni lile lile, wimbo ule ule, tabasamu lile lile. Kilichohama ni mtaa: matajiri weupe wamejaa, kodi zimepaa. Anaeleza jambo hilo kama mazingaombwe: weupe wanamwaga pesa, mara paa, weusi wametoweka. Mhusika hajasogea hata inchi, dunia ndiyo imesogea. Ndiyo maana kinachoma.

Black Jeopardy na Velvet Jones: tisa juu ya kumi. Gumby, yule mwanasesere wa kijani wa katuni za watoto aliyegeuzwa mzee mkorofi: nane. Buckwheat: tano, na nitatetea hiyo tano. Kipande cha ufunguzi kirefu mno. Kipande cha Ncha ya Kaskazini ndicho kipenzi changu, nitarudi.

FundiTaa

Mkuu umefungua vizuri, ila umesahau kitu ambacho hakionekani: muda wa kubadilisha nguo. Toleo la mwenyeji anayecheza wahusika wanne wa zamani linapangwa kwanza na watu wa mavazi na wigi, halafu ndipo waandishi wanapewa nafasi zao.

Angalia. Gumby ni gunia zima la sponji la kijani na rangi usoni. Hulivai kwa dakika mbili za matangazo. Sasa yuko wapi? Kwenye Weekend Update, ile sehemu ya habari za kejeli, na Update kwa kawaida inafuata wimbo wa kwanza wa mwanamuziki mwalikwa. Kwa hiyo Murphy anapata matangazo, wimbo wa Lizzo, matangazo tena, na dakika za mwanzo za habari za Colin Jost na Michael Che kabla ya kuingia. Hapo fundi wa mavazi anapumua. Ukimweka Gumby mara baada ya Buckwheat bila wimbo katikati, anaingia na rangi bado mbichi shingoni.

Kazi kama hiyo inafanywa pia na kile kipande kilichorekodiwa kabla, cha baba anayetoa shukrani kwenye chakula cha Krismasi. Watu wanakiona kama filamu fupi nzuri, nami nakubali: mezani baba anasifu familia, kisha picha inakatwa kuonyesha jinsi siku ilivyokuwa kweli, kelele na ugomvi. Lakini kwenye ratiba ni daraja. Kikiwa hewani, studio inahamisha kuta, mwenyeji yuko nyuma anavuliwa wigi. Ukiona kipande cha kurekodiwa, jiulize kabla yake alikuwa nani na baada yake ni nani.

Na msisahau mwongozaji. Don Roy King alichukua Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya mwaka 2020 kwa toleo hili hili, na Murphy akapata yake ya mwigizaji mgeni. Ya Murphy ilitangazwa sana, ya King ikapita kimya.

BintiKisauni

MzeeWaRimoti, hiyo tano ya Buckwheat nakataa. Tena waionea haya wapi, sema wazi hukuielewa.

Buckwheat asili yake ni mtoto wa zile filamu fupi za zamani za watoto watundu. Murphy alimfanya mtu mzima anayeimba nyimbo maarufu huku matamshi yote yamevunjika. Mwaka 1983 kipindi kikamuua kwa risasi, na kifo chake kikawa dhihaka ya jinsi televisheni inavyorudiarudia picha ya tukio mpaka lipoteze uzito. Sasa mwaka 2019 wamemweka ndani ya The Masked Singer, shindano ambalo mastaa huimba wamejificha kwenye mavazi ya ajabu na majaji wanakisia ni nani. Amevaa hindi zima. Sauti inatoka, matamshi yamepinda, na ukumbi wote unajua ni nani isipokuwa majaji. Hiyo ni kazi mpya! Sauti ambayo haiwezi kufichika imewekwa kwenye mchezo wa kuficha sauti.

Tatizo ni kwamba utani wake haufasiriki, basi wachambuzi wetu waruka. Msitafsiri, elezeni mtambo wake. Kwetu msikilizaji ajua mara moja mchekeshaji akibadilisha "r" na "l" anaigiza nani na wa wapi, na anacheka kabla ya maana kufika. Buckwheat yuko hapo hapo: sikio linacheka kwanza, akili inafuata kutafuta ni wimbo gani.

MzeeWaRimoti

BintiKisauni dada yangu, hoja ya kujificha nimeipokea, napandisha iwe sita. Kinachonizuia ni mwisho. Akishavuliwa kichwa cha hindi, kipande hakina pa kwenda zaidi ya kuimba tena. Linganisha na Velvet Jones.

Black Jeopardy ni shindano la maswali la weusi, mwendeshaji ni Kenan Thompson, lipo tangu 2014. Muundo wake haubadiliki: washiriki wawili wanajua majibu ya mtaani, wa tatu ni mgeni asiyeelewa. Mara nyingi mgeni ni mzungu. Tom Hanks mwaka 2016 aligeuza meza, akawa mzungu wa mashambani anayekubaliana nao karibu kila kitu. Chadwick Boseman mwaka 2018 alikuwa mgeni kwa kuwa ametoka Afrika ya kubuni, tajiri na mstaarabu. Sasa Velvet Jones: ni mweusi, ni wa mtaani, lakini ni wa mwaka 1981, dalali wa makahaba aliyekuwa akitangaza vitabu vya kufundisha kazi hiyo. Kila jibu lake linarudi kuuza kitabu. Umbali wake na wenzake ni wa miaka arobaini, wala si wa rangi. Huo ndio ufundi: muundo uko pale pale, wamebadilisha aina ya ugeni.

Kalamu_ya_Pwani

Wakubwa, naomba kuelekezwa. Nataka kuanza kuandika uchambuzi wa vipindi vya aina hii kwa Kiswahili. Naanzia wapi? Nikiandika natoka na orodha tu ya "kilichofuata, kilichofuata".

MzeeWaRimoti

Karibu. Kwanza hakikisha umetazama toleo gani. Vipande vya kwenye YouTube vinakuja kimoja kimoja bila mpangilio, na marudio ya televisheni mara nyingine huweka kipande kutoka mazoezi ya saa mbili usiku badala ya kile kilichoenda hewani, kama cha mazoezi kilitoka vizuri zaidi. Mtu anaandika "Fulani alikosea mstari" na mwenzake anasema "mbona hakukosea", kumbe wameona vitu viwili.

Halafu tazama mara mbili. Ya kwanza usiandike kitu, cheka. Ya pili chukua karatasi, chora safu nne: dakika kilipoanza, dakika kilipoisha, wazo la kipande kwa sentensi moja, na wazo hilo lilipoonekana mara ya kwanza. Safu ya nne ndiyo dawa ya orodha yako. Kipande kizuri cha dakika tano kinakuonyesha mchezo wake ndani ya dakika ya kwanza. Kikifika dakika ya pili bado hujui utani ni upi, tatizo ni la mwandishi, usimlaumu mwigizaji. Kikikuonyesha mapema halafu kinarudia bila kupanda ngazi, tatizo ni la kupanuka. Kikipanda vizuri halafu kikaisha kwa muziki na makofi bila kufunga, hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye kipindi hiki, na chanzo chake ni wiki yenyewe.

Wiki inakwenda hivi. Jumatatu waandishi na mwenyeji wanakutana ofisini kwa Michaels kutupa mawazo. Jumanne wanaandika usiku kucha. Jumatano wanasoma mezani vipande kama arobaini, vinabaki vichache. Alhamisi wanaandika upya huku mafundi wanajenga kuta. Ijumaa na Jumamosi mchana wanapanga mienendo na kamera. Jumamosi saa mbili usiku mazoezi kamili mbele ya hadhira, kama saa mbili hivi, vipande vikiwa vingi kuliko nafasi. Wanakutana tena, vingine vinatupwa, vingine vinakatwa mistari, na saa tano na nusu usiku wako hewani mpaka saa saba. Ukihesabu, mwisho wa kipande ndio unaopata usingizi kidogo kuliko vyote.

FundiTaa

Naongezea macho. Kipindi hiki hakitumii kioo cha kusomea kwenye kamera. Kinatumia kadi kubwa zilizoandikwa kwa mkono, kila mwigizaji na rangi yake, zinashikwa na watu pembeni ya lenzi. Sababu ni ile ile ya kukata mistari usiku: mstari ukibadilika saa nne na nusu, jamaa anabandika utepe mweupe juu ya maneno ya zamani na kuandika mapya kwa kalamu nene.

Madhara yake unayaona. Mwigizaji anaongea na mwenzake lakini macho yako hatua moja pembeni ya bega la huyo mwenzake. Mzoefu anaangalia kadi mapema, anabeba sentensi nzima, anarudisha macho kwa mwenzake ndipo anaitoa. Mgeni anasoma neno kwa neno na anachelewa nusu sekunde, na nusu sekunde inaua utani. Mtazame Murphy kwa Mister Robinson: anaongea na kamera moja kwa moja, kama kipindi cha watoto kinavyodai, kwa hiyo kadi ziko karibu kabisa na mahali macho yake yanapotakiwa kuwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kumtanguliza mhusika huyo mapema. Mwenyeji aliyekaa nje miaka 35 anapewa kwanza kipande ambacho kinasamehe macho.

Kinyume chake ni shindano la keki za sikukuu. Pale kuna watu wengi mezani, majaji upande mmoja, washiriki upande mwingine, na utani wote uko kwenye picha ya karibu ya keki. Mtindo wake: unaonyeshwa keki ilivyotakiwa iwe, kisha kitambaa kinaondolewa unaona jinamizi. Ya Murphy ni yule kalunguyeye wa bluu wa michezo ya video, Sonic, ila ana mdomo na anaongea. Vitu vya aina hii huendeshwa na mtu aliyejificha chini ya meza, na kinachoharibika ni mpangilio wa picha: kamera ikifika kwenye keki kabla mdomo haujaanza, umeona sponji tu; ikichelewa, umesikia sauti bila kuona inatoka wapi. Usiku ule kamera zilifika kwa wakati. Emmy ya King haikuja bure.

Mzito_wa_Bara

Mnamsifia kila mtu. Nani atasema ukweli kuhusu kipande cha ufunguzi? Mdahalo wa wanaowania kugombea urais kwa chama cha Democrats, Larry David kama Sanders, Maya Rudolph kama Kamala Harris, Sudeikis kama Biden, Will Ferrell kama Steyer, Armisen kama Bloomberg, Dratch kama Klobuchar, McKinnon kama Warren, Jost kama Buttigieg, Bowen Yang kama Yang, mwisho Baldwin kama Trump. Hiyo ni daftari la mahudhurio, siyo kichekesho.

MzeeWaRimoti

Hahaha, daftari la mahudhurio, nimeiiba.

Lakini tuwatendee haki. Mdahalo wenyewe ulifanyika Alhamisi tarehe 19 usiku, Los Angeles. Kipande kilikuwa hewani Jumamosi tarehe 21. Bunge lilikuwa limempigia Trump kura ya kumshtaki Jumatano tarehe 18. Kwa hiyo hakuna kilichoweza kusomwa mezani Jumatano. Hapo waandishi wanachagua muundo unaovumilia haraka: kila mtu ana mimbari yake, anapewa mistari miwili mitatu, ukikata mmoja wengine hawatetereki. Ni kama treni ya mabehewa. Unaweza kutoa behewa saa nne usiku na treni ikaenda. Ubaya wake ndio huo unaousema: mabehewa hayaongezani kasi. Kila staa akiingia hadhira inapiga makofi, makofi yanakula sekunde kadhaa, zidisha kwa idadi yao, dakika nzima imekwenda bila utani.

Harris alikuwa ameshajitoa kwenye mbio za urais tarehe 3 Desemba, hivyo Rudolph anavamia mdahalo usio wake. Huyo ndiye pekee mwenye hali ya kuchekesha yenyewe. Ningempa yeye nusu ya muda.

BintiKisauni

Na hapa ndipo tofauti na kwetu. Redykyulass, kundi la wachekeshaji wa Kenya, walikuwa watatu tu, wamuigiza Rais Moi kwa sauti na rungu, na ukicheka wacheka uigizaji. Hawa wamekodi staa kwa kila mwanasiasa, na nusu ya kicheko ni "ala, kumbe Ferrell yupo!" Mchambuzi atenganishe vicheko hivyo viwili. Cha kumtambua mtu chaisha ndani ya sekunde tatu.

Kalamu_ya_Pwani

Ahsanteni sana, nimeelewa zaidi ya nilichouliza. MzeeWaRimoti ulisema utarudi kwa Ncha ya Kaskazini.

MzeeWaRimoti

Naam. Kipindi hiki kina nafasi ya mwisho, ile ya saa saba kasoro dakika kumi. Kwa desturi huwekwa kipande cha ajabu ambacho kingekufa kikiwekwa mapema. Watu wamechoka, waliobaki wako tayari kwa chochote. Toleo hili mwishoni lina taarifa ya habari kutoka kwa Santa: dubu weupe wamevamia karakana ya wanasesere, na mwandishi wa habari anamhoji shuhuda. Shuhuda ni Murphy, kibwengo mwenye kofia na masikio, anayepayuka hewani jinsi wenzake walivyoliwa.

Hakuna mhusika wa zamani hapa. Hakuna wa kumpigia makofi kwa kumbukumbu. Ni mtu mmoja, kipaza sauti kimoja, na hasira inayopanda. Ndiyo maana nakiweka juu ya Gumby, ingawa Gumby ana utani wa kweli anapowafokea Jost na Che kwamba yeye ndiye aliyekiokoa kipindi hiki. Gumby anasema Murphy alikuwa nani. Kibwengo anaonyesha bado anaweza: anaanza juu, na unadhani hana pa kwenda, halafu anapata ngazi nyingine. Sikilizeni pumzi yake kati ya sentensi. Anavuta hewa katikati ya wazo, kamwe si mwishoni, kwa hiyo mwandishi wa habari hapati upenyo wa kumkatiza. Mtu aliyeona maafa ndivyo anavyoongea kweli.

Mzito_wa_Bara

Hapo sina pingamizi. Swali la mwisho: hiki kitu kikiruka moja kwa moja huku Afrika Mashariki ni saa ngapi? Nahesabu napata saa mbili na nusu asubuhi Jumapili.

FundiTaa

Saa moja na nusu, mkuu. New York wakati wa baridi iko nyuma yetu saa nane. Wakisogeza saa zao mbele mwezi Machi, tofauti inakuwa saba, nasi tunapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukifungua saa mbili na nusu umekuta Update imeshapita, umebakiwa na nusu saa ya mwisho, dubu na Lizzo.